Nha Trang, Mui Ne au Da Nang: mji upi wa pwani ya Vietnam unalifaa kundi lenu?

Marafiki wanapokubaliana kwenda Vietnam na mabegi ya mgongoni, huwa wamekubaliana nusu tu ya safari, kwa kuwa nchi hiyo ina pwani ya zaidi ya kilomita 3,000 na miji yake ya ufukweni hutofautiana kwa mvua, kwa upepo, kwa mpangilio wa mitaa na hata kwa saa ambazo mtu anaweza kukaa nje bila kuungua. Baada ya mjadala mrefu, majina yanayobaki mezani huwa mara nyingi ni matatu: Nha Trang, Mui Ne, na Da Nang pamoja na jirani yake Hoi An. Hoi An nimeiunganisha na Da Nang kwa makusudi, kwa sababu kati yao pana kilomita 30 hivi na wageni wengi huzifanya kituo kimoja chenye vyumba viwili.

Nimefika katika miji hiyo mara mbili, mara ya kwanza mwezi wa Februari tukiwa wanne, na mara ya pili mwezi wa Julai tukiwa sita. Ninakiri mapema kwamba mji tulioupenda Februari si ule tulioupenda Julai, na kwamba ugomvi mkubwa kuliko yote tuliyowahi kugombana ulizuka saa saba mchana, chini ya mwavuli wa ufukweni, kuhusu nani amebeba maji ya kunywa.

Vigezo vya kulinganisha

Nimeitazama miji yote kwa vigezo sita: msimu na joto, njia ya kufika, umbo la mji, shughuli za mchana wa jua kali, chakula, na gharama pamoja na usafiri wa ndani. Kigezo ninachokipa uzito kuliko vingine ni umbo la mji, nacho kinahitaji maelezo kidogo. Kundi la marafiki si familia, kwa hiyo hakuna mzazi ambaye neno lake ni la mwisho, na joto la nyuzi 34 hupunguza uvumilivu wa watu wapole kabisa. Mji unaolifaa kundi ni ule unaowawezesha wanaotaka kulala walale, wanaotaka kuogelea waogelee, kisha wote wakutane jioni bila mtu kulipa nauli mbili na bila mtu kuona ametengwa. Kuna makundi ambayo hayahitaji jambo hilo, na kwa hayo mizani itaelemea kwingine.

Msimu na joto

Msomaji wa mwambao wetu ana faida hapa, kwa sababu amezoea kuugawa mwaka kwa kaskazi na kusi, ilhali vitabu vingi vya wageni huanza kwa kumfundisha mtu maana ya pepo za msimu. Vietnam nayo huishi kwa pepo mbili: ule wa kaskazini-mashariki, unaovuma takriban kuanzia Oktoba hadi Machi, na ule wa kusini-magharibi, unaovuma kuanzia Mei hadi Septemba. Tofauti kubwa na kwetu ni milima ya Truong Son, inayokwenda sambamba na pwani ya kati kama ukuta. Upepo wa kusini-magharibi huacha mvua yake upande wa Laos, kisha huteremka upande wa bahari ukiwa mkavu na wa moto, na wenyeji huuita kwa jina hilohilo, upepo wa Laos. Ule wa kaskazini-mashariki hupita juu ya bahari, hubeba unyevu na kuumwaga kwenye pwani ya kati. Matokeo yake ni kwamba Da Nang hupata mvua wakati ambapo Jiji la Ho Chi Minh, ambalo wengi wangali wanaliita Saigon, linaingia kiangazi. Mtu anayekata tiketi kwa kuangalia hali ya hewa ya Saigon peke yake hujikuta Da Nang mwezi wa Novemba akinunua koti la mvua.

Da Nang na Hoi An hupendeza kuanzia Machi hadi Agosti. Juni na Julai halijoto huweza kupita nyuzi 35, na siku ambazo upepo wa Laos umetawala hakuna kivuli kinachosaidia. Kuanzia Septemba hadi Desemba ni majira ya mvua na vimbunga, na Oktoba na Novemba mto Thu Bon hufurika mara kwa mara hadi mitaa ya mji mkongwe wa Hoi An ikapitwa kwa mashua. Januari na Februari mvua hupungua, lakini mbingu huwa na mawingu na bahari huwa ya baridi kwa aliyezoea maji ya Mombasa au Unguja. Mwezi wetu wa Februari tulikaa My Khe, ufukwe wa Da Nang, siku tatu, na aliyeingia baharini alikuwa mmoja, tena kwa kubishana.

Nha Trang iko kusini zaidi na imekingwa na vilima na visiwa, kwa hiyo msimu wake mzuri ni mrefu zaidi, takriban Januari hadi Agosti. Mvua yake imejilundika Oktoba na Novemba, ikiendelea wakati mwingine hadi Desemba, na miezi hiyo bahari huchafuka, mawimbi yakavunjika karibu sana na nchi kavu. Joto la Julai lipo, lakini upepo wa baharini wa alasiri hulifanya livumilike kuliko la Da Nang.

Mui Ne ni kisa cha peke yake. Kona hiyo ya pwani ni miongoni mwa sehemu kavu zaidi za Vietnam, ndiyo maana ina vilima vya mchanga na mashamba ya lile tunda jekundu la magamba, la mmea wa jamii ya mpungate. Novemba hadi Aprili hapanyeshi karibu kabisa, lakini upepo huvuma kwa nguvu kila alasiri, na bahari huwa ya wanaoteleza juu ya maji kwa tiara, mchezo ambao aliyefika Paje ameuona. Mei hadi Oktoba upepo hupungua na mvua huja, nyingi zikiwa za muda mfupi. Kwa hiyo swali la kujiulizana kabla ya kuichagua Mui Ne ni moja: je, mnakwenda kuogelea au mnakwenda kucheza na upepo? Majibu hayo mawili yana miezi tofauti.

Likizo za wenyeji nazo ziangaliwe. Wakati wa Tet, yaani mwaka mpya wa kalenda ya mwezi unaoangukia mwishoni mwa Januari au katika Februari, kisha tarehe 30 Aprili na 1 Mei, na tena tarehe 2 Septemba, miji yote mitatu hujaa, na kundi la watu sita lisiloweka nafasi mapema hulala vyumba vya mitaa mitatu tofauti.

Kufika

Kutoka Afrika Mashariki wengi hupitia Doha, Dubai au Bangkok. Viza huombwa mtandaoni. Tangu tarehe 15 Agosti 2023 utaratibu huo uko wazi kwa raia wa nchi zote, muda wa kukaa ni hadi siku 90, na ada ni dola 25 kwa kuingia mara moja au dola 50 kwa kuingia mara nyingi. Majina yajazwe kama yalivyo katika pasipoti, bila kuruka jina la kati, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebwe pamoja na pasipoti. Katika kundi, mtu mmoja akikosea fomu wote husubiri, hivyo ni busara mmoja akazikagua fomu za wenzake wote kabla hazijatumwa.

Da Nang ndiyo rahisi kuliko zote kwa ndege, kwani uwanja wake uko ndani ya mji na safari ya teksi hadi ufukweni ni ya dakika chache. Uwanja unaohudumia Nha Trang uko Cam Ranh, zaidi ya kilomita 30 kusini ya mji, umbali ambao si tatizo kwa watu wanne wanaochangia gari moja lakini humuumiza anayesafiri peke yake. Mui Ne hufikiwa kwa barabara; kutoka Saigon ni kilomita 200 na ushei, na tangu barabara ya kasi ya Dau Giay hadi Phan Thiet ilipofunguliwa Aprili 2023, safari iliyokuwa ikila saa tano sasa huweza kumalizika kwa saa tatu hadi nne.

Reli inastahili kutajwa pekee. Njia ya Hanoi hadi Saigon, yenye kilomita 1,726 na iliyokamilika mwaka 1936, hupita Da Nang na Nha Trang, na kwa safari ya usiku kati ya miji hiyo miwili sijaona njia nzuri kuliko hiyo. Behewa la vitanda laini lina vyumba vya watu wanne, na lile la bei nafuu lina vyumba vya watu sita. Mkiwa wanne mnajifungia chumba chenu. Sisi tulikuwa sita, tukakata tiketi za vitanda laini bila kufikiri, na wawili wetu wakalala na bibi mmoja na mjukuu wake, ambao kwa bahati walikuwa na maembe. Anayekwenda Mui Ne kwa treni hushuka Phan Thiet, au Binh Thuan iliyo pembeni zaidi, kisha hutafuta teksi au basi la mjini.

Umbo la mji

Nha Trang ni jiji lililolala kando ya ufukwe wake. Mchanga una urefu wa kilomita sita hivi, barabara ya Tran Phu inakwenda sambamba nao, na hosteli ziko katika mitaa ya nyuma yake, kwa hiyo mtu aliyechoka na jua anarudi kitandani kwa miguu ndani ya dakika kumi. Soko, vituo vya mabasi ya mjini, stesheni ya treni na migahawa vyote viko karibu. Kwa kundi lenye tabia tofauti hiyo ni neema, kwani hakuna mpango unaohitaji kura. Hasara yake ni kwamba huo ni mji wa utalii mkubwa, wenye majengo marefu ambayo alasiri huanza kuutia ufukwe kivuli, na mabango yake yameandikwa Kirusi, Kikorea na Kichina kabla ya Kiingereza. Anayetafuta kijiji hatakipata.

Mui Ne imetandazwa juu ya barabara moja, Nguyen Dinh Chieu, inayonyooka kwa kilomita nyingi kati ya mji wa Phan Thiet na kijiji chenyewe cha wavuvi. Upande wa bahari umeshikwa na hoteli karibu wote, hivyo njia ya kwenda majini mara nyingi hupita katika ua wa mtu, na sehemu nyingine mchanga umeliwa na mawimbi ukabaki ukuta wa zege. Huko watu hawaachani kirahisi. Ukichagua hosteli yenye bwawa la kuogelea, kundi zima litashinda hapo, litakula hapo na litacheza karata hapo. Kwa marafiki ambao hawajaonana miaka mitatu, hilo ndilo hasa walilolifuata. Kwa marafiki wanaofanya kazi ofisi moja, siku ya nne huwa ndefu.

Da Nang ni jiji kubwa lililogawanywa na mto Han, na ufukwe wa My Khe uko upande wa mashariki, mpana na mrefu kuliko ule wa Nha Trang. Wageni wenye mabegi hukusanyika katika mitaa ya An Thuong, hatua chache kutoka majini, na hapo mtu anaweza kuishi kwa miguu. Vivutio vyenyewe, hata hivyo, viko mbalimbali: rasi ya Son Tra kaskazini, milima ya marumaru kusini, daraja la joka katikati. Kila matembezi yanahitaji chombo. Hoi An ina umbo la tatu kabisa: mji mkongwe ambao magari hayaingii na pikipiki huzuiwa kwa saa nyingi za siku, na kilomita nne au tano kutoka hapo, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, ufukwe wa An Bang. Baiskeli inatosha. Makundi yanayoshindwa kuelewana kati ya bahari na mji hupata suluhu Hoi An, kwani anayekwenda ufukweni asubuhi na anayebaki kwenye duka la kahawa wanaweza kubadilishana zamu mchana kwa baiskeli ileile.

Saa za jua kali

Wenyeji wamekwisha kulitatua tatizo la joto. Julai jua huchomoza Da Nang saa kumi na moja na dakika ishirini hivi, na kabla ya hapo ufukwe wa My Khe umejaa wazee, watoto na wafanyakazi wanaooga baharini kabla ya kwenda kazini. Kufikia saa tatu asubuhi hakuna Mvietnam kwenye mchanga. Wanarudi saa kumi na moja jioni. Anayebaki katikati ya saa hizo ni mgeni, na kesho yake utamjua kwa rangi ya mabega. Ngozi nyeusi nayo huungua, jambo ambalo mmoja wetu aliligundua siku ya pili na hatukuacha kumkumbusha. Basi mji upimwe pia kwa kile unachokupa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri.

Da Nang na Hoi An zinaongoza kwa wingi wa mambo. Jumba la sanamu za Wacham, watu walioitawala pwani hiyo zamani, lililofunguliwa mwaka 1919, lina mikusanyiko ya mawe ya ufalme wa Champa usiyoweza kuipata kwingine. Mapango ya milima ya marumaru huwa baridi hata Julai. Na juu ya Son Tra, kwenye pagoda ya Linh Ung, imesimama sanamu nyeupe ya mita 67 inayotazama bahari. Hoi An iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1999, na mtu wa Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja ataisoma haraka kuliko watalii wengine: ni bandari ya wafanyabiashara wa Kichina na Kijapani waliokuja na upepo mmoja na kungoja mwingine uwarudishe, wakajenga nyumba, mahekalu na lile daraja lenye paa walipokuwa wakingoja. Mafundi cherehani wa huko hushona suti kwa siku moja au mbili. Mpe fundi siku tatu, kwa sababu marekebisho huwa hayakosekani.

Nha Trang ina minara ya Po Nagar, iliyojengwa na Wacham kati ya karne ya 8 na ya 13 na ambayo bado watu huabudu ndani yake, pamoja na makumbusho ya Alexandre Yersin, daktari aliyeigundua bakteria ya tauni huko Hong Kong mwaka 1894, akaishi Nha Trang miaka mingi na kufia huko mwaka 1943. Kuna pia bafu za tope, ambazo kwa kundi la marafiki ni kichekesho cha bei nafuu, na safari za mashua kwenye visiwa. Kuhusu safari hizo pana jambo la kuuliza kabla ya kulipa: mwaka 2022 mamlaka zilisimamisha kuogelea na kuzamia kuzunguka kisiwa cha Hon Mun kutokana na kuharibika kwa matumbawe, na tangu hapo maeneo yanayoruhusiwa hubadilika. Uliza mashua inasimama wapi hasa, na kama muziki wa sauti kubwa ni sehemu ya safari, kwa maana kuna mashua za kutazama samaki na kuna mashua za kunywa pombe, na tangazo huwa halielezi tofauti.

Mui Ne ina asubuhi nzuri kuliko miji yote miwili, na mchana mtupu kuliko yote. Jipu kuukuu huwachukua watu wanne hadi sita saa kumi na nusu alfajiri, likawapeleka kwenye vilima vyeupe vya mchanga jua likiwa linachomoza, kisha kwenye vilima vyekundu, kijiji cha wavuvi chenye mashua za duara zilizosukwa kwa mianzi kama ungo mkubwa, na kijito kifupi ambacho mtu hutembea ndani yake pekupeku katikati ya kuta za udongo mwekundu. Gharama ya jipu ni ya gari zima, kwa hiyo kundi linafaidi. Lakini saa tatu asubuhi mmekwisha kurudi, na siku nzima iko mbele yenu.

Chakula

Kwa anayekula kila kitu, miji yote mitatu itamshibisha kwa bei ya chini. Da Nang ni nyumbani kwa mi quang, tambi pana za mchele zenye mchuzi mchache na karanga juu yake, na Hoi An ina cao lau, tambi nzito ambazo hutazipata mji mwingine zikiwa na ladha ileile. Nha Trang hujivunia supu ya tambi yenye kababu za samaki na wakati mwingine vipande vya kiwavi-maji. Phan Thiet, mlango wa Mui Ne, ni moja ya makao makubwa ya mchuzi wa samaki waliochachuliwa kwa chumvi, na utajua kwa pua kabla ya kuambiwa.

Kwa Waislamu hesabu ni tofauti, kwa sababu nyama ya nguruwe imo hata katika supu ambazo hazionyeshi nyama. Migahawa ya halali hupatikana Da Nang na Nha Trang kutokana na wageni wa Malaysia na India, ilhali Mui Ne mtu hutegemea zaidi samaki na kamba wa kuchoma, ambao wanapatikana kwa wingi. Maneno mawili yafaa kukariri: *chay*, yaani chakula kisicho na nyama wala samaki, ambacho migahawa yake ipo kila mji na hujaa siku ya kwanza na ya 15 ya mwezi mwandamo, na *không thịt heo*, yaani bila nguruwe. Kabla ya kuchagua mji, ulizaneni ni wangapi kati yenu watahitaji maneno hayo, ili isije ikawa mmoja anakula mkate mkavu huku wengine wakisifia supu.

Gharama na pikipiki

Gharama hazitenganishi sana miji hii. Kitanda katika chumba cha watu wengi huwa kati ya dong 150,000 na 300,000 kwa usiku, bakuli la tambi dong 30,000 hadi 60,000, na dola moja ni dong 25,000 na ushei. Mkiwa wanne, angalieni bei ya vyumba viwili vya kawaida kabla ya kukimbilia vitanda vya ghorofa, kwani mara nyingi tofauti ni ndogo. Hoi An huongeza tiketi ya kuingia majumba ya mji mkongwe, na Mui Ne huongeza nauli. Noti za 20,000 na 500,000 zote ni za buluu. Mweka hazina wetu aliligundua hilo baada ya kumlipa muuza madafu kwa ukarimu ambao hatukuwa tumeupigia kura.

Pikipiki ni suala zito zaidi. Da Nang ndiyo yenye kishawishi kikubwa, kwa sababu kupanda njia ya Hai Van, inayopita mlimani karibu mita 500 juu ya bahari, ni safari ambayo kila mtu amekwisha kuiona kwenye picha. Mui Ne ndiyo ambako pikipiki inahitajika zaidi, na ndiko askari wa barabarani wanakojulikana kwa kuwasimamisha wageni. Nha Trang mtu huweza kuishi bila pikipiki kabisa. Sheria inataka leseni ya pikipiki pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha cha Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani. Leseni ya gari peke yake haitoshi, na bima nyingi za safari hazilipi ajali ya dereva asiye na leseni halali. Tangu Januari 2020 kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa dereva ni sifuri, kwa hiyo bia moja ya mchana inatosha kukuletea faini. Kwa kundi lisilo na vibali, teksi za programu ya Grab na bodaboda zake zinatosha Da Nang na Nha Trang; Hai Van mnaweza kuipanda mkiwa abiria nyuma ya waendeshaji wenyeji wanaofanya kazi hiyo. Na pasipoti isiachwe dukani kama dhamana. Duka moja tulilokodi lilitushikia ya mwenzetu hadi tulipolipia mkwaruzo ambao ulikuwa na kutu.

Kuchagua kulingana na hali yenu

Mkisafiri kati ya Machi na Mei, miji yote inawezekana, na hapo amueni kwa tabia ya kundi. Wanaopenda mambo mengi, historia, na chakula cha kubadilisha kila siku wataifurahia Da Nang na Hoi An, hasa wakigawa siku: mbili My Khe, tatu Hoi An. Wasiotaka kupanga chochote, wanaotaka kuamka wakitazama bahari na kurudi kulala kwa miguu, Nha Trang itawahudumia bila kuwauliza maswali.

Mkisafiri Juni hadi Agosti, Nha Trang inavumilika kuliko Da Nang kwa wanaochoka haraka na joto, lakini Da Nang ina mahali pengi pa kujificha mchana. Sisi wa Julai tulifurahi zaidi Nha Trang, kwa sababu wawili wetu walikuwa wazito wa kuamka na hawakulazimika kumwomba mtu msamaha. Kundi linaloamka alfajiri kwa hiari lingeweza kusema kinyume.

Oktoba hadi Desemba, pwani ya kati iachwe kwa wasiojali mvua, na Mui Ne, kuanzia Novemba, iwe jibu la kwanza kwa wanaotaka jua, kwa masharti kwamba mwogeleaji ameambiwa kuhusu upepo. Ikiwa katika kundi kuna hata wawili wanaotaka kujifunza mchezo wa tiara, Novemba hadi Machi hakuna mashindano kati ya Mui Ne na miji mingine, mradi wale wasiocheza wapatiwe hosteli yenye bwawa na kitabu kinene.

Walio na siku nne tu kutoka Saigon wachukue Mui Ne kwa basi. Wanaoruka moja kwa moja hadi Da Nang wasijisumbue kwenda kwingine kwa siku chache hivyo. Wanaosafiri na mtu mwenye shida ya kutembea au anayehitaji kuwa karibu na hospitali kubwa waangalie Da Nang au Nha Trang.

Wale ambao miji yote mitatu inawaelemea kwa wingi wa watalii wauangalie Quy Nhon, ulio kati ya Da Nang na Nha Trang, wenye ufukwe ndani ya mji, minara ya Wacham katikati ya mitaa, na wageni wachache zaidi. Majira yake ya mvua ni kama ya Da Nang, na stesheni kuu ya treni iko Dieu Tri, kilomita kumi hivi kutoka mjini.

Na ikiwa mna siku kumi au zaidi na bado mnabishana, anzeni Da Nang, chukueni treni ya usiku hadi Nha Trang, kisha basi la saa nne au tano hadi Mui Ne, na mmalizie Saigon. Tiketi za vitanda laini zikatwe siku kadhaa kabla, na mkiwa watano au sita, amueni mapema ni nani watakaolala chumba cha pili.